Kuchoma manukuu ndani ya video: mwongozo kamili, kuanzia kuandika hadi faili la mwisho

Watu wengi hutazama video za simu bila sauti. Mtu yuko kwenye daladala, yuko foleni ya benki, amembeba mtoto aliyelala. Anafungua video, anaangalia sekunde chache, na asipoelewa kinachosemwa anapita. Wapo pia viziwi na watu wenye usikivu hafifu, ambao video zetu nyingi za Kiswahili zinawaacha nje kabisa. Maandishi mazuri chini ya picha yanawaingiza wote hao.

Maandishi hayo, yaani manukuu, ni ya namna mbili. Yapo yanayokaa pembeni, kwenye faili lake, na mtazamaji huyawasha au kuyazima apendavyo. Na yapo yanayochomwa kwenye picha yenyewe, yakawa sehemu ya kila fremu (kila picha moja moja ya video), yasiweze kuzimwa wala kupotea. Mwongozo huu ni wa hayo ya pili.

Uchome lini? Choma kama video itatumwa WhatsApp, kwa sababu huko faili la manukuu haliendi pamoja na video. Choma kama itawekwa kwenye flashi na kuchezwa kwenye televisheni ya nyumbani, ya kanisani au ya kibanda umiza, maana si kila televisheni husoma faili la manukuu, na zinazosoma huonyesha herufi zinavyotaka zenyewe. Choma kwa ajili ya TikTok, status na Reels. Lakini kama video inakwenda YouTube peke yake, usichome. Pandisha video safi na faili la manukuu kando, ili anayetaka ayawashe, na kesho uweze kurekebisha kosa bila kupandisha video upya.

Kuchoma kwenyewe ni amri moja ya kompyuta. Kazi iko kwenye maandishi, na ukishachoma, kosa la herufi moja litakaa pale siku zote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu yanayofanyika kabla ya kuchoma.

Tuchukue mfano mmoja: una mahojiano ya dakika kumi na fundi wa majahazi wa Nungwi, Unguja. Faili linaitwa fundi.mp4.

Vifaa

Programu zote ninazozitaja hapa ni za bure. Kwa kuandika na kupanga muda, tumia Subtitle Edit kama una Windows, au Aegisub. Kwa kuchoma, tumia HandBrake kama unapenda vitufe, au FFmpeg kama huogopi kuandika amri. VLC iwe nayo kwa kukagulia. Kompyuta ya kawaida inatosha; ikiwa ya zamani utasubiri zaidi tu.

Fungua folda moja, iite kazi, uweke kila kitu humo. Majina ya mafaili yasiwe na nafasi wala alama ya ritifaa ('). Baadaye utaona sababu.

Kuandika

Faili la manukuu la kawaida ni la SRT. Ukilifungua kwa Notepad utaona ni maandishi matupu: namba ya kipande, muda wa kuanza na wa kuisha, maneno yenyewe, kisha mstari mtupu.

1
00:00:12,500 --> 00:00:17,000
Mti huu ukikatwa kabla haujakomaa,
mwaka wa pili au wa tatu huliwa na mdudu.

Angalia mkato kati ya sekunde na milisekunde: kwenye SRT ni mkato, si nukta. Mstari mtupu kati ya vipande nao ni wa lazima. Ukiusahau, kipande kinachofuata kinaweza kumezwa na kilichotangulia, na namba na saa zake zikatokea kwenye picha kana kwamba ni maneno ya fundi.

Unaweza kuandika faili zima kwa Notepad, lakini kwa dakika kumi utachoka bure. Fungua video ndani ya Subtitle Edit. Chini utaona mawimbi ya sauti. Mahali mtu anapozungumza mawimbi yanainuka, anaponyamaza yanalala. Unaburuta kwa kipanya kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, unaandika, unaendelea.

Programu hiyo inaweza pia kukuandikia rasimu kwa kutumia Whisper, mfumo wa kutambua sauti uliotolewa na OpenAI mwaka 2022. Kiswahili kimo kati ya lugha zake. Whisper ina modeli, yaani matoleo, ndogo na kubwa, na zile ndogo hukosea mno kwa Kiswahili. Chagua kubwa kadiri kompyuta yako inavyohimili, na hata hiyo usiiamini. Itakusaidia kwenye muda kuliko kwenye maneno. Majina ya watu, ya mahali na ya ufundi huyavuruga, na mzee anapozungumza kwa lahaja ya kwao inabuni maneno. Sikiliza kila sentensi mwenyewe.

Kasi ya macho

Hapa ndipo manukuu mengi yanapoharibika. Anayeandika anasikiliza huku akiandika, kwa hiyo kwake kila kitu kinasomeka. Mtazamaji anayaona maneno mara moja, na papo hapo anataka kuangalia uso wa mzee na mikono yake ikichonga ubao.

Vipimo vinavyofuatwa na watu wa kazi hii vinafanana kwa kiasi kikubwa. Netflix, kwa mfano, huwataka watengenezaji wasizidishe herufi 42 kwa mstari, nafasi zikihesabiwa, na mistari isizidi miwili. Kipande kimoja kisikae zaidi ya sekunde 7. Kwa lugha nyingi kasi ya juu kwa mtu mzima ni herufi 17 kwa sekunde. Subtitle Edit hukuhesabia, na kipande kikizidi kipimo ulichoweka, rangi yake hubadilika.

Kiswahili kinabana hapo kwa namna yake. Neno moja kama "hatutawaruhusu" lina herufi 14. Maneno matatu ya aina hiyo, pamoja na nafasi, yanazidi mstari. Kwa hiyo ukiandika kila kitu kama kilivyosemwa, utazidisha. Fundi anasema hivi, kwa muda wa kama sekunde sita:

"Sasa huu mti, unajua, mti wenyewe huu ukiukata kabla haujakomaa, basi baada ya miaka miwili mitatu unaanza kuliwa na mdudu."

Hizo ni herufi 123. Mistari miwili ya herufi 42 haibebi zaidi ya 84, na kasi yake inapita herufi 20 kwa sekunde. Sasa rudi kwenye kipande nilichoonyesha juu. Kina herufi 75, kinasomeka kwa sekunde nne na nusu, na hakuna alichosema fundi kilichopotea. Yaliyoondoka ni "sasa", "unajua", "basi" na kurudia kwa "mti". Neno "mdudu" nimeliacha kwa umoja kama alivyolisema, kwa sababu ndivyo mafundi wanavyozungumza, na kulisahihisha kungemgeuza mtu mwingine.

Kupunguza huku kuna mpaka. Ikiwa mtu anatoa ushahidi, anasoma shairi, au anasema jambo ambalo kesho litabishaniwa, andika neno kwa neno hata kama kasi itazidi kidogo. Baadhi ya viziwi pia hupendelea wapewe kila neno, wasichujiwe. Kama video yako ni kwa ajili yao hasa, waulize kabla hujaanza kufupisha. Kwao pia andika sauti zenye maana, kwa mabano: [nyundo inagonga], [adhana kwa mbali].

Kata mstari mahali pumzi inapokata. Usiache "wa", "ya", "na" au "kwa" ikining'inia mwisho wa mstari wa kwanza:

Nilianza kazi hii nikiwa mtoto wa
miaka kumi.

Jicho linashuka likiwa limebeba swali: mtoto wa nani? Iandike hivi:

Nilianza kazi hii
nikiwa mtoto wa miaka kumi.

Jina la mtu lisikatwe katikati, wala namba isitengane na kinachohesabiwa. Wazungumzaji wawili wakijibizana ndani ya kipande kimoja, kila mmoja apewe mstari wake unaoanza na kistari.

Kwa upande wa muda, kipande kitokee neno la kwanza linapotamkwa. Kisitangulie, maana utamfichulia mtazamaji jibu kabla mzee hajalisema. Kuisha kunaweza kuchelewa kidogo baada ya sauti kukoma ili macho yamalize. Kati ya kipande na kipande acha pengo la fremu mbili. Bila pengo hilo maneno hubadilika bila jicho kushtuka, na mtu anasoma mapya akidhani ni yale ya zamani. Picha ikihamia tukio jingine kabisa, jitahidi kipande kiondoke nayo.

Kama hukuandika mwenyewe, umepata faili la manukuu mahali pengine na haliendani na video, angalia kosa ni la aina gani. Likichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, sogeza vipande vyote kwa pamoja. Likianza vizuri halafu likazidi kuachana na sauti, basi liliandaliwa kwa video yenye kasi nyingine ya fremu; kati ya fremu 23.976 na 25 kwa sekunde tofauti hufika dakika mbili na nusu kwa kila saa moja. Hapo badilisha kasi ya fremu ndani ya Subtitle Edit, usihangaike kusogeza kimoja kimoja.

Kuhifadhi bila kuharibu ng'ombe

Kiswahili hakina herufi za ajabu, lakini kina ritifaa ya ng', na hiyo inatosha kuleta balaa. Ukinakili maandishi kutoka Word, ritifaa huwa imepindwa, na faili likihifadhiwa kwa mfumo mmoja na kusomwa kwa mwingine, ng'ombe anatokea kwenye picha akiwa "ngâ€™ombe". Dawa ni mbili, na fanya zote: badilisha ritifaa zote ziwe zile zilizonyooka, na hifadhi faili kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Kwenye Notepad chaguo hilo liko chini ya dirisha la kuhifadhi. Subtitle Edit inalo juu.

Kisha fungua fundi.mp4 kwa VLC, buruta fundi.srt juu yake, uangalie video nzima mwanzo hadi mwisho bila kusimamisha. Halafu mpe mtu mwingine aangalie, sauti ikiwa imezimwa. Pale atakapokunja uso au kuomba urudishe nyuma, ndipo pa kurekebisha. Hatua hii usiiruke kamwe; baada yake ni moto.

Kuchoma kwa HandBrake

Fungua video. Chagua umbo la MP4. Nenda kwenye kichupo cha Subtitles, ingiza faili lako kwa Import Subtitle, kisha weka tiki kwenye Burn In. Usiposahau tiki hiyo umemaliza jambo kubwa, kwa sababu bila yake manukuu yataingia kama mkondo wa kuwasha na kuzima. Kwenye kichupo cha Video acha H.264 (mfumo wa kubana picha), na ubora uweke RF 20 hadi 22. Namba ikishuka ubora unapanda na faili linakuwa kubwa. Bonyeza Start.

HandBrake inafaa kwa anayetaka kumaliza upesi. Udhaifu wake ni kwamba kwa SRT huna nafasi kubwa ya kuamua sura ya herufi. Ukitaka kuamua, andaa faili la ASS kwa Aegisub, ambalo hubeba fonti, ukubwa na rangi zake ndani, au tumia FFmpeg.

Kuchoma kwa FFmpeg

Mimi napendelea njia hii. Ukishaandika amri nzuri mara moja, unaihifadhi na kuitumia kwa kila video. Kwenye Ubuntu inapatikana kwa sudo apt install ffmpeg. Kwenye Windows, winget install ffmpeg. Andika ffmpeg -filters na utafute neno subtitles kwenye orodha ndefu itakayotoka. Kama halimo, toleo ulilopata halina uwezo wa kuchoma, tafuta jingine.

Fungua folda ya kazi, andika cmd kwenye kisanduku cha anwani juu, dirisha jeusi litafunguka likiwa tayari ndani ya folda hiyo. Hii ndiyo sababu ya majina mepesi na folda moja: nukta mbili za C: pamoja na ritifaa huichanganya amri, na ukiwa ndani ya folda huhitaji kuandika njia nzima.

Jaribu kwanza sekunde 30 tu:

ffmpeg -i fundi.mp4 -ss 00:03:00 -t 30 -vf "subtitles=fundi.srt" -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac jaribio.mp4

Sehemu ya -ss ikae baada ya jina la video, kama hapo. Ukiitanguliza, saa ya video inaanza upya kutoka sifuri, na maneno ya dakika ya kwanza yatatokea kwenye dakika ya nne. Watu wengi wamedhani faili lao la manukuu limeharibika kumbe ni mpangilio huo.

Ukiridhika, toa video kamili:

ffmpeg -i fundi.mp4 -vf "subtitles=fundi.srt:force_style='FontName=Arial,FontSize=18,Outline=2,Shadow=0,MarginV=22'" -c:v libx264 -crf 20 -preset slow -pix_fmt yuv420p -c:a copy -movflags +faststart fundi-manukuu.mp4

Kila sehemu ya amri ina kazi yake. Picha lazima isimbwe (ibanwe) upya, kwa sababu maneno yanachorwa kwenye kila fremu. Anayeandika -c:v copy hapo atakataliwa. Sauti haiguswi, ndiyo maana ya -c:a copy. Namba ya crf, ambayo hupima ubora kama RF ya HandBrake, huanzia 0 hadi 51, na kwa kazi nyingi 18 hadi 23 ni mahali pazuri. Sehemu ya yuv420p husaidia televisheni na simu za zamani zifungue video iliyopigwa kwa simu mpya. Faststart huwezesha video kuanza kucheza mtandaoni kabla haijashuka yote.

Namba ya FontSize huwachanganya wengi. Si pikseli. Kwa faili la SRT, FFmpeg huchukulia picha kuwa na urefu wa vipimo 288 kwenda juu, hata kama video yako ni ya 1080. Kwa hiyo 18 ni sehemu 18 kati ya 288, kama asilimia sita ya kimo cha picha. MarginV, yaani umbali kutoka chini, hupimwa vivyo hivyo.

Rangi: nyeupe yenye ukingo mweusi. Imezoeleka kwa sababu inasomeka juu ya mchanga mweupe wa Nungwi na pia juu ya giza la banda. Kama nyuma kumejaa vurugu, ongeza BorderStyle=3 ili maneno yawekewe kisanduku. Fonti iwe nene na isiyo na madoido. Kumbuka WhatsApp huibana video yako upya, na herufi nyembamba ndizo za kwanza kumumunyika. Ukitaka ubora ubaki, itume kama document.

Kama video ni ya 4K na wapokeaji wako wananunua bando la siku, ipunguze palepale: "scale=-2:720,subtitles=fundi.srt". Scale itangulie. Hivyo picha inapunguzwa kwanza, ndipo maneno yanachorwa juu yake yakiwa makali. Ukigeuza, maneno yatapunguzwa pamoja na picha.

Ikitokea ujumbe wa Invalid UTF-8, rudi kwenye sehemu ya ng'ombe hapo juu.

Video ya wima

Kwa TikTok na status vipimo vinabadilika. Ukubwa wa herufi unafuata kimo cha picha, na video ya wima ina kimo kirefu na upana mdogo, kwa hiyo FontSize=18 itajaza skrini nzima. Shuka hadi 9 au 10. Mistari nayo ifupishwe, herufi 25 hivi kila mmoja, ambayo maana yake ni kuandaa faili la pili la SRT na kugawa vipande upya. Usitumie lile la video ya mlalo. Tena, chini ya skrini ya TikTok pana jina la akaunti na maelezo, na kulia pana vitufe; pandisha maneno kwa MarginV=60 au zaidi ili yasifunikwe.

Ukiwa na simu tu

CapCut na programu za aina yake hukuruhusu kuandika kipande kimoja kimoja juu ya video, na unapoitoa, maneno yanakuwa yamechomwa tayari. Kwa klipu ya dakika moja inatosha kabisa. Kwa mahojiano ya dakika kumi, azima kompyuta: kwenye simu ni vigumu kuona kasi ya kusoma.

Haki

Kutafsiri au kuchoma maandishi kwenye filamu ya mtu na kuisambaza kunahitaji ruhusa ya mwenye filamu. Mambo haya yako chini ya ofisi za hakimiliki: Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO. Kwa mzee wa Nungwi pia, msomee au mwonyeshe manukuu kabla ya kuchoma. Maneno ni yake, nawe umeyafupisha.

Baada ya kuchoma

Angalia faili jipya kwenye simu ukiwa juani, mwangaza ukiwa wa kawaida. Liangalie kwenye televisheni ukiwa umekaa umbali wa sebule. Ruka hadi dakika ya mwisho uone kama maneno bado yanaendana na midomo.

Hifadhi vitu vitatu pamoja: fundi.mp4 isiyoguswa, fundi.srt, na ile amri uliyotumia, ukiibandika kwenye faili la maandishi. Mtu akiomba manukuu ya Kiingereza mwezi ujao, tafsiri SRT, iite fundi-en.srt, na uchome upya kutoka kwenye video safi. Usichome juu ya ile iliyokwisha kuchomwa: maneno yatapandana, na picha itakuwa imesimbwa mara ya pili.